Theluthi

Wizara ilituletea vishikwambi kumi na vinne
ndani ya katoni ya viatu vya jeshi.
Nikavigawa kwa sahihi, kimoja kwa kila familia
inayohama na mifugo kabla theluji haijafunga njia.
Sumiya alikipokea kwa mikono miwili,
akakinusa.
"Kina harufu ya zahanati," akasema.

Nikamwonya: kisianguke, kisilowe,
kisikaribie jiko.
Juu ya baridi sikusema neno.
Baridi ya Zavkhan ni kama kaburi:
adhabu yake aijua aliyelala ndani.

Nyuzi thelathini na nane chini ya sifuri
chaji haishuki, inaporomoka:
sitini, kumi na moja, giza.
Wanafunzi wangu walizimika mmoja mmoja.
Jina la kijani, jina la kijivu.
Ila kazi ya Sumiya iliingia kila Alhamisi,
imechelewa, lakini imeingia.
Nikadhani baba yake kanunua betri ya pili.

Kumbe alikuwa anakilalisha kifuani,
ndani ya joho la ngozi,
pamoja na mwanakondoo aliyezaliwa kabla ya siku zake.
Nilijua kwa sauti. Katika rekodi ya kusoma
kila penye nukta pana mlio, mee,
na katikati ya aya ya pili mwanakondoo anakojoa.
"Samahani, mwalimu, nafuta."
Kisha anaendelea palepale, kwenye mkato.
Nilicheka peke yangu ofisini
hadi chai yangu ya chumvi ikafanya utando.

Mwezi wa pili tukafika kwenye sehemu.
Swali la saba sikulitunga mimi;
lilikuja na programu, limepambwa kwa kondoo wa katuni
weupe, wanene, wenye kutabasamu.
Mfugaji ana kondoo mia mbili na arobaini.
Theluthi moja ni wangapi?

Sumiya aliandika:

    Theluthi ipi, mwalimu?
    Sisi tulikuwa na mia tatu na tisa.
    Iko theluthi iliyolala nyuma ya hema
    na haitaamka. Hiyo ni mia moja na tatu.
    Iko inayosimama lakini haili.
    Hiyo hubadilika kila asubuhi.
    Na iko ile baba anayoihesabu usiku kwa vidole
    akikosea makusudi.
    Hiyo siijui.

Programu ikampa kosa, jekundu, na tarumbeta ndogo:
Jaribu tena!
Hakujaribu tena.
Mfumo huonyesha kila kitu:
alikaa kwenye swali lile dakika arobaini na moja.

Nikatoa kalamu, kama mtu asiyeamini.
Mia tatu na tisa, gawanya kwa tatu.
Mia moja na tatu.
Nikaipigia simu wilaya wanibadilishie alama.
Kijana wa huko alikuwa na adabu sana.
"Mwalimu," akasema, "jibu ni themanini."

Mwezi wa tano barabara ilipofunguka
wakaja kurudisha. Wengine walirudisha vioo vyenye nyufa,
mmoja alirudisha chaja tu, na aibu.
Sumiya alikuwa amerefuka.
Kishikwambi chake kilivaa mfuko mpya,
ngozi laini, manyoya yakiwa ndani,
mishono midogo midogo ya mtu asiye na haraka.
"Hiki hakikufa hata mara moja," akaniambia.

Nilikuwa na daftari la kukagua:
kioo, kamera, kitufe, hali ya jumla.
Niliweka alama kila mahali palipotakiwa alama.
Juu ya ngozi ile sikuuliza.
Ilikuwa ndogo mno,
na nilipotia mkono kukitoa
ndani mlikuwa na joto.